Ngao ya dunia haijapasuka jamani
Nyie waandishi bana, eti "ngao ya sumaku ya dunia yapasuka", yaani ile sumaku inayoizunguka dunia na kutukinga na chembe za jua, mnatutisha bure. Kinachotokea ni mistari ya sumaku inakatika halafu inajiunga upya, nishati inafyatuka kama jiwe la manati, wala si jambo geni, satelaiti 4 za mradi wa MMS wa NASA, shirika la anga la Marekani, zilirushwa 2015 kuchunguza jambo hilohilo, zinaruka zimekaribiana kwa umbo la piramidi maana satelaiti moja peke yake haiwezi kukwambia kama sumaku ndo imebadilika au yenyewe imehamia sehemu nyingine. Hapo ndo palikuwa patamu, nyie mkapita mbio! Dhoruba ya jua ya Mei 2024 ilileta mianga ya angani mpaka Meksiko na bado tupo.