Skizofrenia: kosa liko machoni au kwenye tafsiri?

Mpe mtu picha ya uso, kisha fuatilia kwa mashine mwendo wa macho yake. Kwa kawaida macho hayatulii: jicho la kwanza, la pili, mdomo, kisha juu tena. Kwa watu wengi wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli, safari hiyo ni fupi. Macho hutua mahali pachache na kuganda hapo, pengine shavuni au kwenye paji, huku sehemu zinazobeba hisia zikipitwa.

Wapo wanaozilaumu dawa. Sikubaliani nao. Watafiti Diefendorf na Dodge waliandika mwaka 1908 kwamba macho ya wagonjwa hawa hayafuati vizuri kitu kinachosogea, na dawa za kwanza za ugonjwa huu zilikuja miaka ya 1950.

Ubishi wenye uzito ni mwingine: kwa nini wengi wao hupata shida kusoma hisia usoni? Kuna wanaosema tatizo liko mlangoni kabisa: asiyeyatazama macho ya mwenzake ataijuaje hofu yake? Wana ushahidi, kwani wagonjwa wakifundishwa kuelekeza macho panapostahili, wengi huzitambua hisia vizuri zaidi.

Wengine wanasema macho yanaleta taarifa, ila tafsiri ndiyo inayokwama. Chukua kinyago cha kuvaa usoni, kigeuze, utazame upande wa ndani. Wengi wetu tutaona uso uliotokeza mbele, ingawa pale pamebonyea, kwa sababu ubongo umezoea kwamba uso hutokeza, basi unairekebisha picha. Mwenye skizofrenia mara nyingi hadanganyiki, anaona panavyobonyea. Hapo anaona sahihi kuliko sisi! Lakini mazoea hayohayo ya ubongo ndiyo tunayoyategemea kuwasoma watu. Machozi ya harusini na ya msibani ni machozi yaleyale. Tunayatofautisha kwa mazingira, na wengi wenye ugonjwa huu hupata shida kuyaunganisha mazingira na uso.

Kwangu hoja hii ya pili inaeleza mengi zaidi, ingawa ya kwanza ndiyo inayotupa pa kuanzia katika kusaidia. Tena mambo haya mawili hayatengani kirahisi. Anayeamini kwamba watu wanamwinda atayakwepa macho yao, na kwa kuyakwepa anakosa tabasamu ambalo lingemtuliza.

Linaloniuma ni kwamba dawa hupunguza sauti na imani za uongo, lakini katika kusoma nyuso husaidia kidogo sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 300 ana skizofrenia. Wengi wao huambiwa wamepata nafuu, wakarudi kazini na nyumbani, na huko kutotazama kwao kukaitwa kiburi. Ukiishi na mmoja wao, usimwachie uso wako akausome peke yake. Mwambie kwa maneno: nimechoka tu, sijakukasirikia.