Anayejifunza programu aanze na grep

Vijana wanaojifunza kuandika programu hapa Kisumu hufundishwa mambo makubwa mapema, lakini kutafuta neno ndani ya mamia ya faili wanaachiwa wajijulie wenyewe. Mimi sikubaliani na hilo. Ningefundisha grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, wiki ya kwanza.

Chukua kazi ya kawaida. Mwenye duka la vipuri kule Kondele amebadilisha nambari ya paybill na anataka tovuti yake irekebishwe leo. Nambari hiyo imo kwenye ukurasa wa malipo, kwenye risiti, kwenye ujumbe anaotumiwa mteja, na pengine kwenye folda iliyozama ndani ya folda nyingine, tena aliyeitengeneza alishahamia Nairobi. Ikisahaulika hata mahali pamoja, pesa za wateja zitaendelea kuingia kwenye akaunti ya zamani. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ingia kwenye folda ya mradi, uandike:

grep -rni "paybill" .

Herufi r huipeleka grep hadi kwenye folda za ndani kabisa, n hutoa nambari ya mstari, i hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, na ile nukta maana yake ni "anzia hapa nilipo". Kisha rudia ukiitafuta nambari yenyewe, kwa sababu si kila aliyeiandika aliweka neno paybill kando yake. Haihitaji bando, wala haichoshi laptopu ya mtumba.

Najua nitaambiwa VS Code, programu ambayo wengi huandikia msimbo, ina sehemu ya kutafutia. Ni kweli, na ni nzuri. Ndani yake inatumia ripgrep, programu yenye kasi sana. Ila isipobadilishiwa mipangilio, huruka faili zilizotajwa kwenye .gitignore, yaani orodha ya faili ambazo Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, huambiwa isizihifadhi. Sasa faili ya .env, ambamo wengi huweka nambari na siri za malipo, karibu kila mara imetajwa humo! Kijana anatafuta, anaona hakuna kitu, anamwambia mteja kazi imekwisha. Grep ya kawaida ingemwonyesha mstari ule. Ndiyo maana nasema aanze na chombo kisichomchagulia, hivi vingine atavielewa vizuri zaidi baadaye.

Hata hivyo grep nayo ina mipaka, na mwalimu aitaje siku hiyohiyo. Faili ya Word ya docx imebanwa kama zip, kwa hiyo maneno yake hayaonekani. PDF nayo huhitaji kugeuzwa maandishi kwanza kwa pdftotext. Nambari iliyochorwa kwenye picha ya bango utaitafuta kwa macho.

Mwenye Windows naye hajaachwa nje:

findstr /s /i /n "paybill" *.*

Hiyo imo tayari kwenye mashine yake, hapakui chochote.