Mikoko: kabla ya kuhesabu miche

Taarifa za upandaji mikoko katika pwani ya Kenya na Tanzania hujaa idadi ya miche. Idadi hiyo haisemi kama pwani imelindwa. La kuuliza ni miche mingapi iko hai baada ya miaka mitatu, na ilipandwa wapi.

Kwamba mikoko hulinda, hilo halina ubishi. Vipimo vya nchi mbalimbali vinaonyesha kuwa msitu wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66. Pengo hilo linatokana na unene wa msitu, aina ya mizizi na kina cha maji. Maji yakiwa chini, mizizi ya mkoko huyakaba. Yakishaipita mizizi bila kufika kwenye matawi, kinga hupungua. Bahari ikisukumwa na kimbunga, mita mia si kitu: maji hushuka sentimita 5 hadi 50 kwa kila kilomita ya msitu.

Ndiyo maana wanaotetea kuta za kuzuia bahari wana hoja. Kwenye ufukwe wa mchanga unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu, mikoko haishiki, na hapo ukuta una nafasi yake. Lakini ukijengwa nyuma ya msitu, huifungia mikoko njia ya kusogea bara bahari inapopanda.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye upandaji wenyewe. Mbegu ndefu ya aina iitwayo mkoko hasa ni rahisi kupanda: unachomeka kama theluthi yake kwenye tope, mita moja kati ya mche na mche. Kwa urahisi huo hupandwa hadi kwenye tope tupu la mbele, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko ambayo mbegu zake ni ndogo na huhitaji kitalu. Huko mkoko hukaa majini muda mrefu mno, na mawimbi huung'oa kabla mizizi haijakamata.

Kwanza jiulize mbona mbegu hazijaota zenyewe. Pengine barabara au tuta la shamba la chumvi limeziba mkondo. Linganisha kimo cha eneo na msitu hai wa jirani, na uangalie maji yanafika wapi wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Ukifungua mkondo, mara nyingi mbegu huletwa na maji yenyewe. Udongo unaoshuka kutoka bara nao una neno: huko Mwache, Mombasa, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo uliofukia mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa kwa wingi. Kupanda upya huku mashamba ya huko juu yanaendelea kumomonyoka ni kazi bure.

Kuna wanaosema msitu ufungwe kabisa. Katazo la ukataji la Kenya la 2018 liliwagusa moja kwa moja wakata boriti wa Lamu, watu ambao riziki yao ni msitu huo huo. Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na kuuza hati za takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, yaani hewa ambayo msitu huizuia isichafue anga. Mapato yamesaidia maji na shule. Mfano huo nauheshimu, ila umefanya jambo ambalo katazo peke yake haliwezi: umepanda pia mivinje, ili anayehitaji nguzo na kuni apate pa kukata.