Draya ya Kimya

Mama mkwe alikuja kutoka Kongwa kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, chumba kinachopakana na chetu. Alfajiri ya kwanza nikawasha draya yangu ya siku zote, nikaushe nywele niwahi gari la kazini Mtumba. Nilipotoka nikamkuta kakaa kitandani, kanga kichwani, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hapa mnasaga saa kumi na moja?"

Mume wangu alicheka mpaka akajifunika shuka. Mimi nikaapa: leo leo nanunua draya isiyopiga kelele, hata kwa bei ya mbuzi.

Nilijiandaa kisomi. Nikasoma kwamba draya nyingi hufika desibeli 80 mpaka 90, wakati watu wawili wakiongea kawaida ni kama 60. Nikajua kinachonguruma ni mota na feni, ule waya wa moto hauna neno na mtu. Nikapakua na programu ya kupima sauti kwenye simu. Yaani nilienda soko la Majengo natembea kama fundi.

Banda nililoingia linauza vifaa vya umeme vilivyotumika, vya kutoka Marekani. Kijana akanipa draya nyeusi, nzito mkononi, waya mnene, na nyuma ina chujio linalofunguka. Kwa vumbi la Dodoma, chujio ndiyo roho ya draya. Lebo inasema wati 1875.

"Hii dada, utaiwasha halafu utaniuliza kama umeme upo."

Akaiwasha. Nikaielekezea simu. Desibeli 94! Nikamkazia macho.

"Siyo draya hiyo," akasema, akinyoosha kidevu kuelekea nje. Pale mlangoni kasimama muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake: "Panya, mende, kunguni! Akila, kwaheri hasemi!" Simu ilikuwa inampima yeye.

Nikamwomba anyamaze kidogo tu.

"Dada, mimi nikinyamaza watoto hawali."

Nikanunua pakiti mbili. Akazima kipaza, akaingia bandani kushuhudia, na wapita njia watatu nyuma yake. Draya ikawashwa tena: 68. Watu wakapiga makofi. Nikalipa 85,000 bila kuomba hata buku ipungue, jambo ambalo sijawahi kulifanya Majengo na naomba mama yangu mzazi asilisikie.

Kuna vitu viwili niliviona nikavipuuza. Waya wa ile draya uliingia kwenye boksi la chuma chini ya meza, kubwa kama tofali, linavuma taratibu. Nikadhani ni mambo ya redio. Cha pili, plagi yake ina miguu miwili bapa. Kijana akanipa adapta ya bure, nami nikamshukuru kwa moyo mweupe kabisa.

Alfajiri nikaosha nywele, nikarudishia mlango polepole, nikasimama mbele ya kioo nikijisikia mkwe bora wa mkoa mzima. Nikawasha.

Ndege tumezizoea, maana uwanja wa Dodoma uko mjini. Ila hii ilikuwa inapaa na mimi ndiye nimeshika bawa. Ule mlio ukapanda, ukazidi kupanda, mdomo wa draya ukawa mwekundu kama jiko la mkaa lililopepewa. Nikasikia harufu ya kitu kinaungua. Kumbe ni nywele zangu za juu ya sikio la kushoto. Kisha paa! Meni swichi ikaruka, nyumba nzima giza.

Fundi alinieleza baadaye, akijitahidi asicheke. Lile boksi ni transfoma, ndiyo iliyokuwa inaishushia draya volti kule bandani. Draya ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukutani kwangu zinatoka 230. Volti zikikaribia mara mbili, moto unakaribia mara nne, kwa hiyo kwa zile sekunde chache nilikuwa nimeshika wati karibu 7,000. Adapta inabadilisha miguu tu. Umeme unabaki ule ule.

Turudi gizani. Moshi umejaa, mlango ukafunguliwa, na mimi kwa kiwewe adabu ikatangulia:

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani anaungua?"

"Ni mimi mama, lakini kidogo."

Hakusubiri maelezo. Jagi zima la maji ya kunywa likatua kichwani kwangu. Nywele zikawa na maji kuliko nilivyoanza.

Nikaondoka hivyo hivyo. Ilikuwa Julai, na upepo wa Dodoma mnaujua. Nilishuka Mtumba nywele zimekauka kau, zimeingia vumbi jekundu mpaka kwenye mizizi. Mwenzangu ofisini akaniuliza hina hiyo nimepaka wapi. Nikamwambia Majengo.

Jioni nikairudisha draya bandani, nikaibwaga mezani. Kijana akabonyeza swichi, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Akaisogeza sikioni kwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa dada, si ulitaka ya kimya?"

Pale mlangoni, yule wa panya akazima kipaza sauti mwenyewe, safari hii bila kulipwa, asije akapitwa na jibu langu.