Pweza wa Sebuleni Mbeya Anakosa Hewa

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: pweza ndani ya tangi la kioo, sebuleni, Mbeya. Watu wanaisifu. Mimi imeniuma. Mtazameni vizuri: amepauka, amejibana kona ya juu karibu na uso wa maji, na kichwa chake kinajaa na kunywea haraka haraka. Hajapumzika huyo. Anatafuta hewa.

Kila anayetaka kufuga pweza huku juu huanza na chumvi. Chumvi ndiyo kazi nyepesi: gramu 35 kwa lita, ile ya akwariamu na si ya jikoni, hivyo tangi la lita 300 linataka kilo 10 na nusu. Kinachosahaulika ni mwinuko. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa Kilwa. Maji ya chumvi ya nyuzi 25, ambayo pwani yanabeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, hapa hayavuki sana 5.5, hata uyakoroge vipi. Juni baridi ikibana unawasha hita, na maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi. Damu ya pweza nayo ni ya bluu, inabeba oksijeni kwa madini ya shaba, na haifikii yetu kwa kazi hiyo. Akishakula kaa mzima, mahitaji yake yanapanda.

Halafu kuna mfuniko. Pweza anapita popote mdomo wake mgumu unapopita, kwa hiyo watu wanafunika kwa kioo na kuziba kila upenyo kwa gundi. Hapo umemfungia na hewa ileile. Weka wavu wa plastiki wenye matundu madogo, ufungwe kwa kamba pande zote nne, na mdomo wa pampu uelekezwe juu mpaka uso wa maji utibuke kwa mawimbi. Upande wa pampu unaovuta maji uvishe sponji, la sivyo utanasa minyiri.

Ingawa damu yake ina shaba, shaba ya nje isiguse maji, iwe koki, waya au dawa za samaki: inamuua. Tangi jipya likae miezi 3 bila pweza, hadi vipimo vya amonia na nitraiti, sumu za taka majini, visome sifuri.

Nakubali, inawezekana: lita 500, mnyama mmoja, skima kubwa (chombo cha kutoa uchafu majini kwa povu), pampu ya betri kwa saa ambazo umeme umekatika, na lita 100 za maji ya chumvi kando za kubadilishia siku akimwaga wino. Lakini pweza wa miamba yetu anaishi mwaka mmoja hivi. Ukimnunua mkubwa, umenunua miezi michache. Jike akitaga anaacha kula, kisha anakufa. Na kabla ya hapo amesafirishwa zaidi ya kilomita 800 ndani ya mfuko, ambamo akimwaga wino anaweza kukosa hewa njiani.

Mwenye tangi la kwenye video, kama unasoma: usiku huu ondoa kioo cha juu, funga wavu, inua pampu, shusha hita polepole hadi nyuzi 24, na usimpe chakula mpaka rangi yake irudi.