Gari linanyeshewa, tairi zimelala ndani

Jamani hivi mi nimekosea wapi? Banda la gari nimelijenga kwa jasho langu, nguzo za chuma, bati geji 30, chini zege, fundi kanilia hela mpaka nikawa napiga pasi ndefu mchana ofisini, yote ili gari lisipigwe jua. Sasa njoo Goba uone. Gari liko nje chini ya mwembe, kioo cha mbele kimepakwa mavi ya kunguru utadhani fundi rangi kapitia, na bandani kumelala tairi. Jana usiku nimezihesabu kwa tochi ya simu, ziko 11. Gari lenyewe lina miguu minne.

Zilianza nne tu. Nilikuwa na Noah, nikaiuza, ila yule mnunuzi alikuja na rimu zake za kung'aa akasema hizi zako baki nazo mzee, nikaona nimepata bahati, kumbe nimeachiwa yatima. Nikanunua Premio, baada ya muda tairi zake zikawa kipara kama mimi hapa, trafiki akanipiga elfu 30 yangu, nikanunua mpya Gerezani na zile kuukuu nikarudi nazo nyumbani kwenye buti, kwa nini sijui, mtu anang'oa jino anaondoka nalo mfukoni? Moja mama Salma kapandia mchicha, zikabaki tatu. Halafu shemeji yangu akaleta tairi la Fuso, "kaka naliacha hapa kidogo", hicho kidogo kina mwaka wa pili na kulisogeza tu mpaka niite vijana wawili niwanunulie soda. Jirani naye baba Jimi akaleta mbili, "wiki moja tu mzee mwenzangu", hiyo ilikuwa Ramadhani ya juzi. Na moja ya mwisho kusema kweli sijui ni ya nani. Niliamka tu nikaikuta.

Mama Salma juzi kaniambia kwa upole kabisa, na akiwa mpole ndo uogope, "baba Salma, hawa kama ni wake wenza si ungewajengea kwao?" Nimekosa la kujibu maana kweli chumba wanacho kizuri kuliko chetu.

Halafu tairi nazo zina masharti bwana! Kijana wa pancha pale kituoni kanipa darasa la nusu saa. Yenye rimu unailaza, unaweza kubebanisha. Isiyo na rimu unaisimamisha, usiilundike muda mrefu itapinda, na kila mwezi uizungushe kidogo isikalie sehemu moja. Jua isipate, oili isiiguse, karibu na jenereta usiweke. Yaani tairi linageuzwa kama mgonjwa asipate vidonda mgongoni! Mi nina mgongo wangu huu tangu mwaka juzi unauma, nani ananigeuza?

Na bati zenyewe za yule fundi zinavuja kwenye misumari, kwa hiyo masika tairi zote zinakunywa maji. Bwana afya kapita na tochi yake, kachungulia moja, akaniita, "mzee njoo uone mifugo yako." Viluwiluwi vinacheza mle kama watoto Coco Beach siku ya Idi. Akanikumbusha dengi ya 2014, akanikumbusha ya 2019 (ile hata asingenikumbusha, ilinilaza wiki nzima), akasema mbu huyu anataga ndani ukutani mwa tairi, maji yakikauka mayai yanakaa tu miezi yanasubiri mvua nyingine, na anauma mchana kweupe. Dawa yake, eti nizitoboe matundu maji yatoke. Nitoboe tairi mwenyewe? Mimi ninayelia barabarani kila siku kwa kutobolewa tairi?

Sa ngoja nikwambie ya Jumatatu iliyopita. Napeleka watoto shule, msumari, pshhh. Nikacheka kabisa, nikasema leo ndo leo, mtu mwenye tairi 11 anaogopa pancha? Nafungua buti natoa spea, si kile kitairi chembamba kama cha baiskeli chenye kibandiko cha njano usizidi 80, hiyo 80 yenyewe kwa mashimo ya njia yetu naipatia wapi? Kumbe kile kinataka upepo 60, mara mbili ya tairi la kawaida, na tangu gari litoke Japani hakuna aliyewahi kukiangalia, kimelegea kama chapati ya jana. Nikachukua bodaboda mpaka nyumbani, elfu tano, nikabeba moja ya Noah, tukarudi nimeikumbatia kifuani kama bwana harusi, elfu tano nyingine. Piga jeki, ng'oa, pachika, haiingii. Geuza, haiingii. Matundu matano huku, misumari mitano huku, haiingii! Yule dogo wa bodaboda anatafuna mua wake tu ananiangalia, mwisho akasema, "mzee hiyo ya Noah, duara la matundu yake ni milimita 114, Premio 100." Na wewe ulikuwa wapi tunapakia? "Sikuulizwa."

Miaka minne nimezitunza hizo! Nikazipeleka kwa kijana wa pancha, nikamwambia basi vua mpira uvalishe kwenye rimu zangu, saizi si moja? Akasema saizi moja kweli, akasugua ubavuni pakatokea namba, 3109. Wiki ya 31 mwaka 2009. "Mzee hii ni kubwa kwa binti yako." Salma yuko sekondari.

Nikasema hapana, zitoke zote leo. Nikamwita fundi wa katambuga, nikajua huyu hawezi kukataa, yeye kazi yake ni tairi bovu. Akaja, akachungulia, akakata kipande kwa kisu, akaguna. Eti hizi za gari ndogo zina nyaya ndani, zinamchoma mteja nyayo. Akalitamani la Fuso nikamwambia lile la shemeji. Akaondoka mikono mitupu, na nauli nimempa mimi.

Saa mbili usiku geti linagongwa, baba Jimi. Moyo ukatulia, nikajua kaja kuchukua zake, angalau zibaki tisa. Nikamfungulia, nikammulika tochi, begani ana tairi.

"Samahani mzee mwenzangu, ni wiki moja tu."

Nikageuka nikaona pazia la chumbani linacheza, mama Salma huyo anachungulia. Nikashusha sauti.

"Weka pale juu ya la Fuso. Taratibu, asisikie."