Kabla ya Tamasha, Tupeni Chumba

Mji huu wa Dar es Salaam hauishiwi matamasha. Mahema yanapigwa, spika zinapangwa, mgeni rasmi anachelewa saa mbili, wasanii wanagawiwa fulana na maji ya chupa, na asubuhi yake uwanja unafagiliwa kama vile hapakuwa na kitu. Sina ugomvi na matamasha. Ngoma ikipigwa nami huwa namo. Ila kila nikiliangalia jukwaa la siku moja, na vyuma vyake na taa zake, napiga hesabu ya kodi ya karakana, na hesabu hiyo inaniudhi.

Msanii wa mikono anahitaji mahali pa kufanyia kazi kwanza, mahali pa kuonekana baadaye. Na hapo mahali pakiwa pa watu wengi chini ya paa moja, panazaa kuliko chumba cha mtu mmoja. Jambo hili kwetu tumewaachia wafadhili wa nje muda mrefu mno, na wakiondoka tunashangaa.

Nina dada mmoja wa batiki ambaye nimemfahamu tangu akitembeza vitambaa maofisini. Alikuwa amepanga vyumba viwili Tabata, kazi anafanyia uani. Sasa batiki si kazi ya kujificha. Nta inayeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na moshi wake unaingia kwenye nguo za wapangaji wenzake zilizoanikwa. Rangi inachanganywa na kostiki kwenye beseni, kwa hiyo watoto wa nyumba nzima wafukuzwe. Kitambaa kikikauka kinachemshwa ili nta itoke, na yale maji ya zambarau lazima yamwagwe mahali, na mtaro pekee unapita mlangoni kwa mwenye nyumba. Mama mwenye nyumba alivumilia, akavumilia, akachoka. Dada akahama. Kule alikohamia nako wakamchoka, akaanza kufanya kazi usiku ili asigombane na mtu. Vitambaa vya kipindi kile ukivitazama vina mabaka, maana batiki inataka mwanga uone rangi inavyoshika. Hoteli iliyokuwa ikimpa oda ikatafuta mtu mwingine.

Kipaji anacho. Semina za ujasiriamali amehudhuria mpaka vyeti vimejaa kabati. Alichokosa ni ua wenye bomba, mtaro na jirani asiyelalamika.

Ndiyo maana napenda kuwapeleka watu Nafasi Art Space, Mikocheni, kwenye eneo la viwanda vidogo Barabara ya Eyasi. Wapo tangu mwaka 2008. Walifanya kitu ambacho mtu wa mji wa bandari angetakiwa kukifikiria zamani: wakachukua makontena ya meli, wakayatoboa milango na madirisha, wakayafanya studio za kupangisha wasanii. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita sita hivi na upana usiofika mita mbili na nusu. Weka meza, kiti na turubai mbili kubwa, kwisha habari. Jua la Januari likikolea kwenye chuma kile, saa nane mchana hukai ndani. Watu wanatoka, wanahamishia kazi kivulini, na mimi naamini faida kubwa ya mahali pale inatokana na lile joto.

Kwa sababu hapo nje anayechomelea vyuma anamwona anayechora. Anayechora anaazima grainda kukata fremu. Mtu anapita na kikombe cha chai, anasimama nyuma ya turubai yako, anaguna, anaondoka bila kusema kitu, na ule mguno unakukosesha usingizi mpaka unarudi kufuta ule mkono uliouchora vibaya. Halafu kuna suala la bei, ambalo hakuna semina inayolifundisha vizuri. Msanii anayefanya kazi peke yake chumbani hajui auze kwa ngapi. Leo anataja bei ya kufa njaa, kesho anataja ya kumfukuza mteja. Akikaa karibu na wenzake atasikia fulani kauza picha ya ukubwa gani kwa kiasi gani, na nani alilipa kwa awamu akaingia mitini.

Pale pana ukumbi wa maonyesho pia, jukwaa la wazi, na mafunzo ya vijana yanayoitwa Nafasi Academy. Mambo hayo ndiyo yanayopigwa picha na kuwekwa mitandaoni, na ni mazuri. Lakini yakiondolewa yote yakabaki makontena na bomba la maji, bado ningesema mahali pale panastahili kulindwa.

Anayedhani nakuza mambo amkumbuke George Lilanga, mchoraji na mchongaji. Alizaliwa kusini, akakulia kwenye uchongaji wa Kimakonde, akaja Dar es Salaam miaka ya 1970. Ndugu yake, Augustino Malaba, alikuwa akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Lilanga akapata kazi pale: ya ulinzi. Mlinzi wa usiku, anayekaa mahali ambapo mchana watu wanachora, wanachonga, wanachapa na kutia rangi vitambaa. Mtu mwenye jicho akikaa hapo hawezi kubaki mlinzi. Akaanza naye, kwenye ngozi, kwenye vitambaa, baadaye kwenye mbao na turubai, na yale mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo yakaenda kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani kabla hajafariki mwaka 2005. Sidhani kama kuna shindano la kusaka vipaji ambalo lingemwona. Aliingia kwa mlango wa getini, kwa sababu geti lilikuwepo.

Nyumba ya Sanaa ile ilikuwa katikati ya mji kabisa. Muulize kijana wa leo anayefanya kazi Posta ilikuwa wapi. Atakutazama tu.

Wachoraji wa Tingatinga wao walichukua njia nyingine, na nadhani somo lao hatujalisoma vizuri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kushindiliwa, za bei nafuu, kwa rangi zile zile za kung'aa watu wanazopaka baiskeli na milango. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa kumdhania mtu mwingine. Alikuwa amefundisha wachache, ndugu na jamaa wengi wao, na wale wakabaki wakichora na kuuza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mpaka leo ukienda unawakuta wamekaa bega kwa bega, huyu anapaka mandhari ya nyuma, yule anaweka madoa ya chui, mzee anapita na brashi nyembamba kumalizia macho. Wapo wanaowadharau kwamba wanarudia tembo yule yule kwa watalii. Sawa, tembo wamezidi, hata mimi nasema. Lakini mwanzilishi alikufa akiwa kijana, na mtindo wake umeishi zaidi ya miaka 50 bila chuo wala makumbusho ya kuulea. Umelelewa na mahali pa kukaa na utaratibu wa kugawana wateja.

Na sitaki nionekane napaka mafuta tu. Studio za pamoja zina maradhi yake. Kuna vituo ambavyo ukifika siku ya ufunguzi wa maonyesho, hotuba ni Kiingereza, maelezo ukutani ni Kiingereza, na mama anayeuza mihogo nje ya uzio hajawahi kuingia kwa sababu hajawahi kuambiwa anaruhusiwa. Kuna vituo ambavyo wasanii ni wale wale, wakipeana zamu ya kusafiri. Kodi inaitwa nafuu, lakini ni nafuu kwa mtu mwenye ajira nyingine. Haya yanarekebishika, ila yanarekebishwa na mwenye mali anayeweza kuulizwa. Kituo kinachoishi kwa fedha za ubalozi kinamjibu balozi. Simlaumu, ndivyo anayelipa alivyo.

Kwa majirani zetu Nairobi imetokea tukaona. Kuona Trust, kituo cha studio za wasanii, ilianza mwaka 1995, ikalea kizazi kizima cha wachoraji na wachongaji wa Kenya. Mwaka 2017 ikayumba vibaya. Waliookoa mambo ni wasanii wenyewe waliokuwa na studio mle: wakajiunga, wakaendelea kama kikundi, wakichangishana. Nawavulia kofia. Lakini hebu fikiria mchongaji anayetakiwa sasa awe pia mhasibu, mkusanya kodi na mtu wa kubembeleza mwenye kiwanja.

Hapa kwetu nani achukue mzigo? Mimi nasema halmashauri. Najua wengine mmeshacheka. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wasanii wanaweza kuomba, na wapo walioomba, ila mkopo ni wa kununua kitu cha kuzalisha haraka urejeshe. Mkopo haukupi ua. Hata Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao serikali iliufufua, nao unakopesha. Kutoka kwenye mkopo mpaka kwenye bomba na mtaro bado kuna safari.

Wala sisemi wajenge jumba jipya lenye vioo. Vyumba vipo. Kuna masoko yaliyojengwa kwa ghorofa, chini pamejaa, juu hakuna anayepanda kununua nyanya. Mikoani kuna maghala ya vyama vya ushirika, kuta nene, paa la juu, popo ndio wapangaji. Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja ulijengwa kabla ya Uhuru kama kituo cha jamii, TANU ikafanyia mikutano humo. Kwa hiyo wazo la serikali ya mji kuwapa watu jengo la shughuli zao si la jana. Ghorofa moja ya soko, umeme wa uhakika, maji, mtaro wa kupitisha rangi, kodi inayolipwa kwa mwezi kama kizimba kingine chochote, na mkataba wa miaka ya kutosha mtu aweze kufunga mashine ukutani bila hofu ya barua ya kuhama. Wasanii walipe. Mimi si wa kudai vya bure. Cha bure ndicho kinachotolewa siku ya kampeni na kuchukuliwa baada ya uchaguzi.

Wahitimu nao wanasubiri. Bagamoyo imekuwa ikitoa watu wa sanaa kutoka chuo cha sanaa cha pale tangu mwaka 1981, wamesoma wakasomeka. Kijana anapokea cheti, anapanda basi, anarudi Mbagala kwenye chumba anachochangia na wadogo zake wawili. Hapo umwambie achonge kinyago cha mita moja na nusu, vumbi la mpingo litue kwenye sahani ya nani?

Diwani wa kata yetu nimempelekea barua kuhusu ghorofa ya juu ya soko letu, nikitaka iingie kwenye mapendekezo ya bajeti ijayo. Hakunifukuza. Ameuliza kitu kimoja tu, tena cha haki: wasanii wa kata hii ni wangapi na wanafanya nini. Sina jibu, na ofisi ya mtendaji haina. Basi naorodhesha. Nimeanza na mafundi batiki na wachora vibao vya maduka, wachongaji nitawafikia wiki ijayo. Kama uko kata hii na unafanyia kazi chini ya kitanda, niambie unahitaji nini: maji, umeme wa fezi tatu, au kivuli tu.